Sigurlaug na Mbigili za Shemeji Yake

Mwaka 1943 baraza la kata yetu ya Hvammur lilikosa mtu wa kuwa mkaguzi wa magugu. Vijana walikuwa vitani, sawa, lakini wazee walikuwapo, tena wenye afya ya kubishana kutwa nzima. Tatizo ni kwamba hakuna aliyetaka kuingia shambani mwa jirani, kumwonyesha mbigili zake, kisha kumwandikia ilani azikate ndani ya siku saba. Katika nyika ya Saskatchewan, huku Kanada, jirani ndiye anayekuja na farasi kukuvuta ukikwama kwenye theluji. Nani akosane naye kwa ajili ya jani?

Sigurlaug Torfason alikuwa akihudhuria kila mkutano wa baraza na kila mara alisimama kulalamika juu ya magugu. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mmoja, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, na alilima ngano yake mwenyewe tangu mumewe alipofariki. Siku ile mwenyekiti wetu, Brandur Eyford, alichoka kumsikiliza. Brandur alikuwa shemeji yake, amemwoa Thora, mdogo wa pekee wa Sigurlaug.

"Basi kazi ni yako, shemeji," alisema. "Mdomo tumeuona, sasa tuone miguu."

Watu wakacheka. Sigurlaug hakucheka. "Nipeni karatasi zenu," alisema, "na msije mkalia."

Mimi, Lilja, ndiye niliyekuwa karani wa baraza. Kila ilani aliyoitoa niliichapa mimi, kwa hiyo matusi aliyorudi nayo kutoka mashambani niliyasikia yakiwa bado ya moto.

Kwa wiki sita alizunguka na kigari chake na farasi jike mmoja. Bwana Hallgrim alimpokea kwenye uzio, mikono mifukoni.

"Hizo si zangu, dada Sigurlaug. Zimetoka kwa jirani. Upepo umezileta. Sasa mimi nikaushitaki upepo?"

"Zimeota kwenye ardhi ya nani?"

"Kuota zimeota kwangu. Lakini si zangu."

Kwa mzee Steinunn ilikuwa mbaya zaidi, maana Steinunn hakubishana. Alimketisha, akamletea kahawa, chapati nyembamba zenye sukari, kisha kahawa tena, akamsimulia habari za nyonga yake hadi giza likaingia na shamba lisionekane. Mara ya tatu alipokwenda, Sigurlaug alikataa kuingia ndani. Steinunn akamfuata shambani na birika mkononi.

Mwingine ilani aliitandika kwenye kiota cha kuku. Sigurlaug aliikuta pale, ina yai juu yake. Akaja ofisini akaitupa mezani kwangu.

"Chapa nyingine! Na safari hii andika kwa herufi kubwa, kwa sababu kuku wake pia hawakuielewa!"

Kilichomkera kuliko vyote ni kwamba kila mmoja alimtaja jirani wa upande wa magharibi, unakotoka upepo. Huyu alisema zimetoka kwa yule, yule akasema kwa mwenzake. Mwishoni mwa Julai Sigurlaug alisema potelea mbali, nitaufuata upepo wao nione unakoanzia. Akaenda magharibi, shamba baada ya shamba, mpaka akafika kwenye eneo ambalo baraza lilikuwa limelitwaa baada ya mwenyewe kuhama wakati wa ukame. Katika daftari eneo lile lilikuwa tupu. Machoni pake lilikuwa na shayiri yenye masuke yanayoanza kugeuka rangi, na katikati ya shayiri mbigili zilizofika kifuani mwa farasi, vichwa vya zambarau vimejaa, vingine vikianza kufumua sufi.

Alirudi ofisini bila kuvua kofia.

"Lilja, lile shamba la mwisho ni la nani?"

"La baraza."

"Na shayiri?"

Niliitazama mashine yangu ya chapa. Nilijua. Ofisi nzima tulijua kwamba Brandur alikuwa akililima kimya kimya, msimu wa pili sasa, bila kuandikwa popote.

"Na wewe," alisema. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma. "Wiki sita unanitazama nikitukanwa. Chapa ilani mbili. Moja ya baraza, moja ya shemeji yangu."

Brandur alipopewa yake aliisoma mbele yetu sote, akacheka mpaka akakohoa.

"Unamwandikia ilani mtu aliyekuajiri?"

"Siku saba, Brandur."

"Ile ni shayiri, mwanamke! Zimebaki wiki tatu tu nivune!"

"Kwa wiki tatu mbegu zitakuwa zimefika jimbo la Manitoba. Ikate sasa, wape ng'ombe. Siku saba."

Siku ya nane Brandur hakuwa amekata hata bua. Sheria ilimruhusu mkaguzi akate mwenyewe, basi asubuhi Sigurlaug alifunga farasi wawili kwenye mashine yake ya kukatia nyasi akaenda. Nilimfuata, sehemu kwa aibu, sehemu kwa udadisi. Hallgrim naye alikuwa tayari yuko pale, ameegemea uzio, uso umekunjuka kama wa mtu aliyekuja harusini.

"Nimekuja kukusaidia, dada."

"Zako umekata?"

"Nitakata kesho."

"Basi rudi ukakate zako! Sikuja kufanya maonyesho hapa."

Hallgrim hakwenda. Alisogea hatua mbili tu, akaendelea kutazama.

Brandur alitokea na Thora wake. Akatembea moja kwa moja hadi mbele ya farasi, akasimama, mikono kifuani. Thora alibaki kando, uso mweupe.

"Dada," alisema Thora, "hiki ni chakula cha wanangu unachokikata. Watu watasemaje?"

"Tayari wanasema, Thora. Wamenisema mimi. Nimegombeza nyumba kumi na nne kwa mbegu zilizotoka hapa, na mumeo alikuwa akinitazama na kuniambia nikaze mwendo."

"Lakini ni mimi, mdogo wako."

Sigurlaug alilegeza hatamu. Nilidhani atashuka. Kisha akageuza farasi, akampita Brandur kando, akateremsha kisu cha mashine na kuanza kukata.

Alikata asubuhi yote. Brandur hakuondoka. Sigurlaug akamzunguka, akaja tena, akamzunguka, hadi saa saba mchana shamba lote likawa limelala chini isipokuwa duara moja dogo la shayiri na mbigili, na katikati yake mwenyekiti wa kata amesimama akitokwa jasho, sufi zimemganda kwenye masharubu. Sigurlaug alisimamisha farasi akamngojea. Hallgrim alianza kucheka puani.

Ni Thora aliyemaliza. "Brandur," alisema, "toka humo. Unatuaibisha."

Akatoka. Sigurlaug akakata pale palipobaki. Baadaye nilimkuta mwishoni mwa shamba akijaribu kufungua hatamu. Aliivuta ngozi upande usio wake, tena na tena, ikazidi kukaza. Nikamfungulia. Hakunishukuru wala hakunitazama.

Mkutano uliofuata Brandur alitaka Sigurlaug afukuzwe. "Haya," mjumbe mmoja akauliza, "nani atachukua nafasi yake?" Mwenyekiti akatazama huku, akatazama kule. Wazee wote wakapata ghafla jambo la kuchunguza kwenye viatu vyao. Sigurlaug akabaki na kazi yake.

Kwa miaka mitatu Thora hakusema naye. Kwenye kahawa ya chama cha wanawake Thora ndiye aliyemimina, na kila alipofika kwenye kikombe cha dada yake alikiruka kama kwamba kiti kile hakina mtu. Kila vuli Sigurlaug aliniletea barua ya kujiuzulu niichape, na kila vuli baraza liliamua kuijadili mkutano ujao. Ngano ya kata ilizidi kuwa safi. Mnunuzi wa ghala la nafaka alishangaa waziwazi. Na Hallgrim, bila haya, akasema mbele ya Sigurlaug, "Miaka hii upepo umetulia, umeona?" Nilidhani atampiga.

Julai ya 1946 simu ililia nyumbani kwa Sigurlaug. Wakati ule nyumba tisa na ofisi ya baraza tulitumia waya mmoja, mlio wa mmoja ukasikika kwa wote, kwa hiyo niliinua yangu, na najua wengine nao waliinua zao.

"Brandur hapa," sauti ilisema.

Akaendelea bila kungoja salamu.

"Kwa Hallgrim, kando ya mtaro, kuna mbigili. Nimeziona mwenyewe."

"Miaka mitatu!" Sigurlaug alilipuka. "Miaka mitatu hujanipa hata salamu kanisani, leo unafungua mdomo kumsemea jirani?"

"Zinakaribia kutoa mbegu," Brandur alisema. "Zitaingia kwangu."

"Uongo!" Hallgrim akapiga kelele kutoka nyumbani kwake, akasahau kwamba hakutakiwa kuwa anasikiliza.

Kukawa na vurugu kwenye waya, kila mtu akisema. Kisha ikasikika sauti ya Thora, karibu sana, kama amemnyang'anya mumewe simu.

"Dada. Ukija kwa Hallgrim, pitia hapa. Kahawa ipo."

Nikasikia saa ya ukutani ya Sigurlaug ikigonga.

"Nina kazi nyingi," alisema mwishowe. "Nitaangalia."

Dakika kumi baadaye niliona kigari chake kikipita barabarani mbele ya ofisi, farasi anakimbia, na yeye amevaa kofia ya Jumapili. Kwenye njia panda hakukata kushoto kwenda kwa Hallgrim. Alinyoosha moja kwa moja kwa Thora, na ilani ya Hallgrim sikuichapa mpaka siku ya pili yake, karibu na adhuhuri.