Siku Tuliyoingia Bure Kolo

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni kwangu Mwankoko, Singida mjini, nachambua mchicha, redio ikiimba dirishani, mara nikasikia tangazo kwamba siku fulani ya wiki ile maeneo ya kale yangekuwa wazi kwa wananchi bila kiingilio. Mtangazaji alilisoma harakaharaka, kama anasoma bei za mazao, akapita kwenye habari nyingine. Mimi nikabaki na mchicha mkononi. Ndugu yangu, mtu akisema "bila kiingilio" mbele yangu, sipo tena mjini. Niko Mgori, kijijini kwetu, darasa la tano, miguu imejaa vumbi.

Mgori ile ilikuwa ya alizeti mpaka unapoanzia msitu. Msimu wa kuvuna tulitoka shule tukaingia moja kwa moja kwenye kuzipiga kwa fimbo juu ya turubai, mpaka viganja viwake moto na nywele zijae makapi. Bibi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, hakuwa na masihara na kazi. "Tumbo halijui Jumamosi," alikuwa akisema. Lakini ukimaliza alikuacha uende unakotaka, nami nilikotaka ni kwa jirani yetu, fundi baiskeli.

Banda lake lilinukia mpira uliochomwa na solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka. Alikuwa na beseni la maji la kutafutia pancha, na nilipenda kuona mpira wa ndani unavyotoa mapovu pale penye tundu. Huku akikwangua na kubandika, alitusimulia watoto habari za Kolo, upande wa Kondoa, ng'ambo ya msitu wetu. Alisema katika ujana wake alikwenda huko kwa baiskeli, akapanda mlima, akaona mawe yaliyochorwa na watu wa kale. Kulikuwa na tembo mkubwa kama ukuta wa darasa. Kulikuwa na twiga ambaye ukihama, jicho lake linahama nawe. Alisimulia kwa mikono miwili, bisibisi iking'aa kwenye vidole vyake, na sisi tukaacha kupumua. Mimi nilimwamini kuliko wote. Usiku nililala na tembo yule, asubuhi nikamchora uwanjani kwa kijiti, hatua ishirini kutoka mkonga mpaka mkia, kuku wakimkanyaga.

Siku moja mwalimu wetu wa darasa, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alitutangazia kwamba kuna siku watu wataingia Kolo bure, na kwamba lori la mfanyabiashara wa Singida mjini litapita Mgori likiwa tupu kwenda Kondoa kuchukua mahindi. Dereva amekubali kutubeba kwenda na kurudi. Chakula kila mtoto atoke nacho kwao. Kisha mwalimu alikwenda mwenyewe bandani kwa fundi, nasi nyuma yake kama vifaranga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibu."

"Nimekuja kukuomba. Wewe unapafahamu Kolo. Twende nawe, utusaidie na watoto."

Fundi alikuwa ameshika tairi. Alilizungusha, akalizungusha tena. "Kolo," alisema. "Haya. Tutakwenda." Niliona hakutuangalia, lakini nilikuwa na furaha mno kuuliza kwa nini.

Bibi alinifungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani hadi vikawa vigumu kama gome, pamoja na karanga za kukaanga na kipande cha kuku. Tuliondoka alfajiri. Lori liliyumba msituni, matawi yakitupiga, tukainama na kucheka. Tulivuka mito ya mchanga isiyo na maji. Watoto wote walikuwa wanaimba. Fundi alikaa pembeni kwa ndani, amevaa koti lake la kanisani, ameshika ubao wa lori kwa mikono yote miwili.

Kolo tulipokelewa na mwongozaji, kijana mwembamba mwenye kiatu cha mlimani kilichochakaa. Alituambia tusiguse jiwe lolote, kwa sababu jasho la kidole linakula rangi. Tulipanda kwa nusu ya asubuhi. Mlima ule unapanda kwa hasira. Unashika mizizi, unashika mawe, pimbi wanakuchungulia kwenye nyufa. Fundi alihema vibaya. Mara mbili mwalimu alimwambia apumzike, mara mbili akakataa.

Tulipofika juu kulikuwa na mwamba mkubwa ulioinama kama paji la uso, na chini yake kivuli baridi. Mwongozaji alinyoosha fimbo. "Hapa," alisema.

Sikuona kitu. Niliona jiwe. Kisha, polepole, kama macho yanapozoea ndani ya nyumba ukitoka juani, doa jekundu likawa mtu. Mtu mrefu, mwembamba, nywele zimemjaa kichwani. Nyuma yake mwingine, na mwingine. Halafu fimbo ikahamia kwa tembo, na tembo yule alikuwa anaenea kwenye kiganja changu.

Nikamwuliza fundi kwa sauti, mbele ya wote: "Babu, si ulisema tembo ni mkubwa kama darasa?"

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa nimeumia tu. Lakini darasa zima liligeuka kumwangalia, mmoja akacheka, kisha wakacheka wengi. Mwalimu aliwakemea. Mwongozaji akauliza kwa heshima, "Mzee, ulipanda upande upi ulipokuja? Maana kuna mapango mengi."

Angeweza kusema lolote. Angesema pango jingine, nasi tungeamini. Fundi alifuta jasho kwa mkono wa koti.

"Sijapanda," alisema. "Nilifika ofisini pale chini, nimebeba asali kwenye baiskeli naipeleka Kondoa. Kiingilio sikuwa nacho. Nikakaa barazani, nikawasikiliza waliokuwa wanashuka. Kila mmoja alisema lake. Nilipofika nyumbani watu wakaniuliza, umeona? Nikasema nimeona." Akanigeukia mimi. "Nilidanganya, mjukuu wangu. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Hakuna aliyecheka tena. Mwongozaji akashusha fimbo yake, akasema, "Kuna watu wamezaliwa hapa chini na hawajapanda. Njoo mbele, mzee. Tuanze upya."

Tukampisha. Fundi alikunja mikono nyuma ya mgongo, mkono mmoja ukishika mwingine, asije akagusa kwa bahati mbaya. Akainama mpaka pua yake ikakaribia jiwe. Alikaa hivyo muda mrefu mno. Upepo ulikuwa unapita chini ya mwamba. Kisha akazungumza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia bandani.

"Huu mgongo wa tembo. Angalieni. Ni mstari mmoja. Ameanza hapa, amemaliza pale, hakunyanyua mkono. Mimi nimefanya kazi ya mikono maisha yangu yote. Mstari kama huu huuchori ukiwa na wasiwasi."

Nikausogelea nami. Nikauona. Mtu fulani alisimama hapa hapa nilipokanyaga mimi, kidole chake kimelowa rangi, akapitisha mgongo wa mnyama mara moja tu, akashuka zake kwenda kula. Hatuna jina lake wala kaburi lake, na watu wote waliomjua walishasahaulika, na waliowasahau nao wamesahaulika. Nilisikia mwili unanisisimka kuanzia shingoni. Tembo wangu wa hatua ishirini hakuwahi kunifanya hivyo.

Wakati wa kurudi nilikaa karibu na fundi. Nilikuwa nataka kulia. "Nisamehe babu," nilimwambia.

"Wewe umenitua mzigo," alisema. "Ulikuwa mzito, na nilikuwa nimezoea." Akaomba kipande cha tobolwa, akakitafuna kwa meno ya upande mmoja mpaka tukafika msituni.

Baada ya hapo fundi alisimulia ukweli. Alimwambia kila mteja kwamba tembo wa Kolo ni mdogo, unaweza kumfunika kwa kiganja, na kwamba maishani hajaona kitu kikubwa kuliko tembo huyo. Wanaume waliosubiri baiskeli zao walikasirika. Walimtaka tembo yule wa zamani. Mmoja alimwambia wazi kwamba amezeeka, amesahau alichokiona. "Umeona mambo hayo?" fundi aliniambia, akicheka hadi machozi. "Nilipodanganya waliniamini. Sasa nasema kweli wananikatalia."

Alifariki nikiwa sekondari. Bibi alimfuata. Pale palipokuwa na banda kuna kijana anauza vocha na kutengeneza bodaboda, na anajua kazi yake.

Siku ile iliyotangazwa redioni niliwapeleka wanangu Kolo. Walikuwa wameshaona michoro yote kwenye simu, kwa ukaribu na kwa rangi kali kuliko ilivyo, kwa hiyo walipanda wakijua kila kitakachokuwepo. Walikuwa na adabu, wakapiga picha, wakauliza maji yako wapi. Siwalaumu. Mimi nilikaa miaka mitatu nikiutamani mlima ule kwa sababu ya midomo ya mtu mmoja ambaye hakuwa ameupanda. Nilitaka kuwaeleza hivyo, nikakosa pa kuanzia. Rangi imefifia kidogo, lakini michoro bado ipo. Ninachokosa ni mtu wa kunikalisha chini na kunifanya nikitamani kitu kabla sijakiona, na mtu wa namna hiyo simpati tena, si Mgori, si mjini, wala mimi mwenyewe sijaweza kuwa yeye.