Mwasumini wa Jirani

Nilifika Maskati mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na miaka ishirini na minne, masanduku mawili na Kiarabu cha chuoni. Niliweza kusoma, lakini sikuweza kununua nyanya. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye visima vya mafuta, ndani kabisa jangwani. Alikaa huko wiki nne, akarudi nyumbani wiki mbili. Kabla ya ndoa niliambiwa hivyo wazi, nami nikasema si kitu. Kwetu Unguja nyumba ilikuwa na watu kumi na mmoja, na wiki nne zilikuwa zinapita bila mtu kuziona.

Tulipanga nyumba ndogo Wadi Kabir, nyuma ya mtaa wa magereji. Asubuhi wanaume walitoka kwenda kazini, milango ikafungwa, na kilichobaki ni sauti za viyoyozi na nyundo za wapiga bati. Nilipika chakula cha mtu mmoja, nikala nimesimama. Siku moja, saa ya alasiri, niligundua kwamba tangu alfajiri sijatoa neno zaidi ya sala. Nikasema "haya" kwa sauti, pale jikoni, ili nijisikie tu. Sauti ilitoka imekauka.

Mwaka wa kwanza ulipita hivyo. Mwaka wa pili, mwezi wa Februari, nilikuwa uani naanika shuka. Ng'ambo ya ukuta nikasikia mwanamke anagomba.

"We paka, shuka huko. Utanivunjia."

Alisema kwa Kiswahili. Nilibaki na shuka mikononi, maji yananichuruzikia miguuni. Kisha nikauambia ukuta, "Hodi."

"Nani?"

"Jirani."

"Jirani gani anayejua Kiswahili?"

"Wa nyumba hii ya pili."

"Basi zunguka mlangoni. Mimi sizungumzi na matofali."

Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, mrefu, kanga kaifunga kifuani juu ya kanzu, mkasi wa bustani mkononi. Nilimwamkia, "Shikamoo, bimkubwa." Akaitikia marahaba, kisha akacheka.

"Kwetu Tabora bimkubwa ni mke wa kwanza, na mimi sikuwahi kupata mwenzangu. Niite mama."

Alizaliwa Tabora. Baba yake alikuwa na duka huko. Alihamia Oman miaka ya sabini pamoja na mumewe, na mumewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla sijamjua. Mtoto wao mmoja tu, mwanamume, alikuwa anafanya kazi katika mji wa Sohar. Kwa hiyo naye alikuwa peke yake. Tulikuwa tumetenganishwa na ukuta wa urefu wa mtu kwa mwaka mzima, kila mmoja anamsikia mwenzake anasukuma ndoo, na kila mmoja anadhani yule ni mgeni asiyeelewa lugha yake.

Ukuta wenyewe, upande wake, ulikuwa umefunikwa na mwasumini. Mumewe aliupanda kutokana na kijiti alicholetewa na rafiki yake kutoka Unguja, kimefungwa katika karatasi iliyoloweshwa. Yeye aliuita yasmini, mimi asumini, na hatukuwahi kukubaliana.

Asubuhi ile alikuwa anaupogoa. Akanipa mkasi.

"Mwezi huu ndio wake," alisema. "Baridi inaondoka na joto halijafika. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa. Halafu yale yanayosuguana. Halafu hizi fimbo ndefu, unazirudisha nyuma. Hapana, si hapo. Ona hili jicho, pale linapotokea chipukizi? Kata juu yake kidogo, mkasi uulaze. Ukikata mbali, kijiti kitaoza. Ukikata karibu mno, utaliua jicho."

"Nikate kiasi gani?"

"Theluthi. Zaidi ya hapo uwe na sababu."

Tulikata mpaka adhuhuri. Baada ya wiki tatu matawi yalitoa majani mapya, na baada ya hapo tumba. Zilipopasuka, alinipa sahani nzima. Nilitunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, kama alivyonifundisha mama yangu, nikajiwekea kimoja kifuani ingawa mume wangu alikuwa jangwani na hakukuwa na wa kukinusa.

Tukawa watu wa kila alasiri. Alinifundisha kupanda basi dogo kwenda Mutrah, bei za samaki, na Kiarabu cha sokoni, kile cha kubishana. Nilimsomea barua za dada yake wa Tabora, maana macho yake yalianza kufanya ukungu. Kila Februari tulipogoa pamoja. Hatukuambiana siri kubwa. Alijua kwamba sijapata mtoto, hakuuliza. Nami niliona kwamba bado anapakua sahani mbili, kisha anairudisha moja kabatini, sikusema.

Mwaka wa nne wa ujirani wetu alipogoa mapema kidogo, kwa sababu mwanawe alikuwa anampeleka umra, na kutoka huko angekwenda Sohar kukaa naye mpaka katikati ya mwezi wa tano. Aliniachia ufunguo wa geti.

"Umwagilie tu," alisema. "Kazi nyingine nimeshaimaliza."

Wiki chache baada ya kuondoka kwake niligundua nina mimba, na hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu. Nilikuwa nimepanga kumwambia jirani yangu atakaporudi, iwe imeshapita miezi mitatu na tumbo limeanza kuonekana kidogo. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Ilifika miezi miwili na nusu. Mwishoni mwa mwezi wa nne, siku ya Jumapili, nilianza kuumwa mgongo. Nikapata teksi barabarani, nikamwambia dereva hospitali, nikakaa juu ya taulo niliyoikunja. Jioni yake daktari, mwanamke mpole, aliniambia mimba imeharibika, na kwamba hutokea kwa wengi bila kosa la mtu. Nilirudi nyumbani siku ya pili kwa teksi nyingine. Nilipiga simu kambini. Walimtafuta mume wangu, nikasubiri, nikasikia hatua zake.

Nilimwambia. Akasema, "Pole. Jipumzishe. Zimebaki siku kumi na sita nije."

"Haya," nilisema.

"Uko sawa?"

"Niko sawa."

Siku ya nne nilikumbuka maua. Nikaenda na ufunguo. Joto lilikuwa limeshaanza, zege la uani linachoma kwenye kandambili. Mwasumini ulikuwa umejaa tumba kutoka chini mpaka juu, nyeupe, nyingine siku moja tu kabla ya kufunguka. Nikamwagilia. Niliona kijiti kimoja kimekauka, nikauchukua mkasi pale ulipotundikwa nikikate.

Nikakikata. Halafu nikakata kilicho karibu yake, ambacho hakikuwa kimekauka.

Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivi: sikuwa na hasira, wala sikulia. Nilikata tu. Matawi yalianguka na tumba zake, nami nikasogea hatua, nikakata tena. Sikutafuta jicho, sikulaza mkasi. Nilipoacha, ukuta ulikuwa uchi na mwasumini umebaki visiki vinavyonifika magotini. Kiganja cha kulia kilikuwa kimetoka malengelenge na yameshapasuka. Nilifagia, nikajaza mifuko, nikaibeba mmoja mmoja mpaka kwenye pipa la manispaa. Nikauosha mkasi nikaurudisha. Nilikwenda nyumbani nikalala mpaka adhana ya magharibi.

Mume wangu alipokuja aliona ukuta uko wazi, akasema, "Kumbe wameukata mwasumini," nami nikaitikia.

Jirani yangu alirudi katikati ya mwezi wa tano kama alivyosema. Nilisikia geti lake, nikasikia mabegi yanawekwa chini, kisha sikusikia kitu kwa muda mrefu. Nikavaa baibui nikaenda. Alikuwa amesimama uani, bado na viatu vya safari.

"Shikamoo, mama. Umra makbula, Mungu akutakabalie."

"Marahaba." Hakugeuka. "Ulipata wadudu?"

"Hapana."

"Nani kaukata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu mwingine, na yeye ni mtu pekee katika mji ule ambaye ningeweza kumwambia. Nikasema, "Nliona umezidi."

"Nilikuwa nimeshaupogoa," alisema taratibu. Akaviangalia vile visiki. "Haya." Kisha akainama, akafungua begi, akanipa chupa ya zamzam na tasbihi aliyoninunulia Makka. Nilipokea kwa mkono ule wenye makovu mapya. Macho yake hayakuona.

Sikwenda siku iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Nilisema nitakwenda aibu ikipungua, na kila siku niliyokosa kwenda iliongeza aibu. Naye hakuniita. Tukikutana njiani tulisalimiana, nikauliza afya, akaniambia alhamdulillahi. Mwezi wa saba lilikuja lori, na mwanawe akapakia vitu. Niliangalia kupitia upenyo wa pazia. Alitoka mwisho, akafunga geti mwenyewe, akasimama kidogo akitazama upande wangu. Sikutoka. Miguu ilikuwepo na mlango ulikuwepo, na sikutoka. Katika mambo yote ya miaka ile, hilo ndilo lililoniuma muda mrefu kuliko mengine.

Nyumba yake walikuja kupanga vijana wa gereji kutoka India. Nilidhani mwasumini umekufa. Majira ya baridi ulichipua. Miaka miwili baadaye ulikuwa umeupanda ukuta na kushuka kwangu, na kila Februari nilipogoa upande wangu peke yangu, theluthi, mkasi nimeulaza. Ulitoa maua kuliko zamani. Mimba nyingine haikuja. Nilipata kazi ya ukarani katika shule moja, nikawa na watu wa kusalimiana nao asubuhi, na Kiarabu changu kikawa cha kawaida. Lakini nikirudi nyumbani nilikuwa sina wa kumhadithia siku yangu.

Miaka sita au saba tangu ahame, baada ya mwaka elfu mbili, nilikuwa kliniki ya macho nangoja zamu ya miwani. Mbele yangu mwanamke mzee, jicho moja limefungwa bandeji, alikuwa anamuuliza muuguzi jambo kwa Kiarabu, akakosa neno, akalisema kwa Kiswahili bila kujijua.

Nilihamia kiti kilicho karibu yake. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akageuza kichwa. "Sauti hii naijua. Wewe ni wa ukutani."

Tulishikana mikono. Alikuwa amekonda. Aliniambia mwanawe amehamishiwa Maskati, wanakaa mtaa wa Ghala. Nami, kabla hajauliza lolote, nikamwambia. Mimba, teksi, simu ya kambini, mkasi. Nilizungumza haraka kwa sababu namba yangu ilikuwa inakaribia kuitwa.

Akanigeuzia lile jicho zima.

"Ya miezi mingapi?"

"Miwili na nusu."

"Na ulikuwa peke yako mle ndani?"

"Ndiyo."

"Na mimi niko Sohar nakula samaki." Akanikaza mkono. "Sikiliza, mwanangu. Kuhama kulikuwa kumeshapangwa kabla sijaenda umra. Mwanangu alisema nisikae tena peke yangu. Nilijua nikiondoka utabaki huna mtu, nikashindwa kukwambia. Nikasema nitamwambia nikirudi. Nikarudi, nikaona uzito zaidi. Ulipoacha kuja, nikafikiri umeshasikia, umekasirika kwamba ninakuacha."

"Mimi nlifikiri umehama kwa sababu ya maua."

"Maua yaliniuma, sitakudanganya. Aliyapanda mume wangu. Nililia siku mbili. Lakini hayo ni maua. Wewe ungenigongea ukuta."

Namba yangu iliitwa, nikaiacha ipite.

Baada ya hapo nilikwenda kwake kila Alhamisi, siku ambayo shule za Oman wakati ule zilifungwa. Nilimwambia mwasumini umepona na kwamba naweza kumletea kijiti. Akakataa. Ua wa nyumba ya mwanawe ulikuwa saruji tupu, alisema, na hana nguvu ya kuangalia mti unakufa. Tulikaa chumbani kwake, tukinywa chai, nikimsomea gazeti. Ilikuwa hivyo kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne nilikwenda Unguja kumuuguza mama, na nikiwa huko jirani yangu akafariki. Nilipata habari niliporudi, matanga yameshakwisha. Mke wa mwanawe alinipa kahawa na tende. Hakujua Kiswahili, nami nikapungukiwa Kiarabu siku ile, tukakaa tukitazamana kwa adabu.

Mume wangu alikuwa ameshahamishiwa ofisi ya mjini. Baada ya miaka yote ile ya kumngoja, alikuwa anarudi kila siku saa tisa, na hatukujua tuzungumze nini. Alizoea kula na wanaume hamsini, mimi nilizoea kula peke yangu. Tulikuwa wapole sana sisi kwa sisi.

Jioni moja, wiki ile niliyotoka kwenye nyumba ya msiba, aliniuliza kwa nini nahuzunika hivi kwa mtu aliyekuwa jirani tu. Nikamwambia habari yote, pamoja na ule mwasumini. Kumbe miaka yote alidhani mwenye nyumba ndiye aliyeukata.

"Hukuniambia nije," alisema.

"Ulisema zimebaki siku kumi na sita."

Aliiweka bilauri chini. Alikaa muda akiigeuzageuza juu ya meza.

"Siku ile ile ulipopiga," alisema, "kulikuwa na gari la maji linaondoka kambini kuja Maskati. Dereva alikuwa rafiki yangu. Nililiona likitoka getini. Haikunijia kabisa kwamba ningeweza kulipanda."

Hakuomba radhi, na sikuhitaji aombe. Tulibaki pale mezani na taa haijawashwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa sisi wawili kuizungumza siku ile, na tulikuwa tumeshachelewa kwa zaidi ya miaka kumi.