Mpira Uliopasuliwa Darajani

Wajukuu wangu wakiona wasichana uwanjani hapa Ruiru wananiambia, "Cucu, siku hizi hata wanawake wanacheza mpira!" Siku hizi! Mimi nilicheza kabla mama zao hawajazaliwa, tena kwenye ligi, na ligi hiyo hakuna mwanaume aliyetuanzishia. Shule niliacha darasa la pili na mkono wangu umezoea jembe kuliko kalamu, lakini hili nitaliandika mwenyewe.

Ilikuwa wakati wa hali ya hatari, mkoloni alipokuwa anapigana na watu wa msituni. Mume wangu alikuwa kizuizini mwaka wa tatu, na kambi aliyokuwamo sikuijua. Mimi, watoto wangu wawili na mama mkwe tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa nje ya Ruiru. Kengele ilituamsha, kengele ilitufungia ndani. Ukitaka kutoka shamba moja kwenda lingine, lazima uwe na barua ya nyapara.

Sasa kahawa haiivi kila mahali siku moja. Ikiiva kwetu, mashamba mengine yalituletea wachumaji. Ikiiva kwao, sisi tulipelekwa huko. Ndivyo tulivyojuana, wanawake wa mashamba. Saa ya uji mmoja akapiga teke furushi la matambara, mwingine akalirudisha, na kabla ya mavuno kwisha kila shamba likawa linasema liko na miguu kushinda lingine. Tukasema basi, tushindane sawasawa. Tulikuwa timu nne: mbili za kahawa huku Ruiru, wanawake wa shamba la mkonge ng'ambo ya mto Ndarugu, na wale wa kiwanda cha matunda Thika, ambao dada zao walikata mkonge. Mke wa karani wa mkonge alijua kuandika, kwa hivyo akawa katibu, na kwa sababu alikuwa na firimbi akawa refa pia. Ratiba aliiandika kwenye karatasi ya sukari. Sheria yake ilikuwa moja ambayo haikujadiliwa: timu ikikosa kufika mara mbili, inafutwa.

Mimi nilikuwa kapteni wetu, na shida yangu kubwa ilikuwa mikono. Mchumaji wa kahawa mikono yake haingoji kuambiwa. Kitu cha mviringo kikipita mbele yake, ameshakishika. Mpira ukija, wote kumi walidaka kama makipa, firimbi ikalia mpaka refa akaishiwa na pumzi. Nikawaamuru wafanye mazoezi mikono ikiwa imefungwa ndani ya shuka kiunoni. Walinitukana mwezi mzima, lakini walijifunza.

Mara ya kwanza tulikosa kufika kwa sababu kahawa iliiva kwa wingi na mzungu wa shamba akatuchumisha Jumapili. Katibu akatuma neno: bado moja. Mechi iliyofuata ilikuwa kule kwao, kwenye mkonge.

Mama mkwe aliponiona nikifunga mpira ndani ya kiondo alisimama mlangoni.

"Mume yuko kwa waya na wewe unaenda kurusha miguu barabarani?"

"Mama, nikikaa hapa waya utafunguka?"

"Watu watasema."

"Wanasema tayari. Wacha waseme nikiwa nimefunga goli."

"Na watoto?"

"Hawa hapa kwako."

Alisonya, akamchukua mdogo mgongoni. Nilijua hatanizuia tena.

Sikumwambia kwa nini mechi hiyo ilinibana hivyo, kwa sababu hakuuliza, lakini ninyi nitawaambia. Kila kitu maishani mwangu kilikuwa kimepangwa na mtu mwingine: saa ya kulala, debe ngapi, nani arudi na nani asirudi. Hiyo timu niliipanga mimi. Ningekubali ifutwe kwa uzembe wetu, lakini si kwa sababu ya barua.

Barua yenyewe niliipata kwa uongo. Nilimwambia nyapara wanatafuta wachumaji kumi na mmoja wa kahawa ng'ambo ya Ndarugu, nikamtajia jina la lile shamba tulikokuwa tunaenda kucheza. Alikuwa ameletwa kutoka Murang'a mwaka ule, ng'ambo hakuijua, akaandika. Na mimi sikufikiri. Maisha yetu yote tulisafiri kwa kuchuma kahawa, kwa hivyo mdomo ulitoa maneno uliyoyazoea.

Tuliondoka mara tu kengele ya asubuhi ilipolia, tukatembea mpaka jua likatuchoma kichwani. Darajani kulikuwa na kizuizi, na hom gadi mmoja, mgambo wa serikali, mwenye bunduki na koti lililomzidi. Aliisoma barua polepole, midomo ikitembea. Akaisoma tena.

"Kuchuma kahawa."

"Ndiyo."

"Shamba lile."

"Ndiyo, mzee."

"Tangu lini mkonge ukazaa kahawa?"

Hakuna aliyecheka. Wakati ule mwanamke mwenye barua ya uongo alihesabiwa kuwa anawapelekea watu wa msituni chakula, au risasi. Kipa wetu, mama mzima wa watoto watano, akajificha nyuma yangu. Hom gadi akaelekeza bunduki kwenye kiondo changu.

"Kuna nini humo?"

"Mpira."

"Nimesema kuna nini!"

Akautoa mwenyewe, akaupima mkononi, akasikia ni mzito. Akachomoa kisu na kuupasua hapo barabarani mbele yetu. Yakatoka maganda ya migomba, gunia, kitambaa cha mtoto, na katikati kabisa kipande cha kamisi ya mama mkwe, chenye maua mekundu. Alikishika juu kwa vidole viwili kama nyoka.

"Hii ni risasi?" nikamuuliza. "Hiyo ni kamisi ya mama ya mume wangu. Irudishe kwa adabu."

Mmoja nyuma yangu akacheka, halafu wote. Hata yeye mdomo ulimcheza kidogo, lakini akajikaza.

"Mlikuwa mnaenda wapi?"

"Kucheza mpira."

"Wanawake?"

"Unaona nani hapa?"

"Barua ni ya uongo. Rudini."

"Hatuvuki," nikasema, "lakini hatutarudi pia. Tutaketi hapa. Ukitaka kumshika mtu kwa kuketi, nishike mimi, hao wengine niliwaleta."

Nikaketi kwenye nyasi kando ya barabara, na wenzangu wakaketi mmoja mmoja, kipa wa mwisho. Hom gadi alituangalia, akaangalia barabara pande zote mbili, akaona kushika wanawake kumi na mmoja peke yake ni kazi kubwa kuliko kutuacha.

Watu wa kanisa walikuwa wanavuka, wanatoka ibada. Nikamwita mama mmoja: "Mwambie mke wa karani wa mkonge timu ya Ruiru imefika mpaka hapa. Mwambie asitufute."

Tulingoja. Hiyo saa ilikuwa ndefu kuliko safari yote. Wengine walisema katibu ni mtu wa sheria, atatufuta tu na ataendelea na chakula chake. Mimi nilishona mpira kwa uzi wa gunia na mwiba.

Halafu tukaona vumbi. Wanawake wa mkonge walikuja wote, miguu mikavu, mikono imechanika na miiba, na mpira wa ngozi halisi. Katibu alikuwa mbele na karatasi yake ya sukari. Hom gadi akawazuia upande ule.

"Barua?"

"Barua ya nini?" katibu akasema. "Shamba letu linavuka mto. Ng'ombe wetu wanalishwa hapo kwenye hizo nyasi walizokalia hawa. Ng'ombe huwa unawauliza barua?"

Hom gadi alijua ni kweli, kwa sababu mavi ya ng'ombe hao alikuwa anayakanyaga kila siku. Akainua kizuizi. Kisha akatuambia sote, kwa sauti ya serikali, "Mtacheza hapo. Atakayevuka mtaro huu au barabara ile, namshika."

Sijawahi kuona mpira ukikaa ndani ya mistari namna ile. Ukielekea mtaroni wote waliuzuia, wetu na wao, tukisukumana tusianguke nje. Tulicheza kwa mpira wa ngozi, ukauma vidole. Walitufunga matatu, moja ni penalti, kwa sababu kipa wetu alikuwa ametoka mbali na beki wetu akasahau shuka akadaka kwa mikono yote miwili, akabaki ameukumbatia akishangaa. Sisi tulifunga moja. Nililifunga mimi, na sitaki kusema zaidi kwa sababu beki wao alikuwa amesimama akimwangalia hom gadi. Goli ni goli.

Katibu aliandika: Ruiru walifika. Hakuandika wapi.

Jumatatu nyapara aliniita mbele ya wachumaji wote, tukiwa na madebe. Habari ilikuwa imemfikia.

"Ulinidanganya."

"Ndiyo, nilikudanganya. Ningesema kweli, ungeandika?"

"Singeandika!"

"Basi."

"Unajua ningeweza kufungwa mimi?"

Hilo lilinigusa, na nikamwambia pole, kwa sababu ilikuwa haki yake. Lakini sikuinama. Akanipa mistari ya juu kwenye mawe, ambako kahawa ni chache na debe halijai, mavuno yote. Akasema, "Na barua hutapata tena. Hata ya hospitali utaomba mara mbili."

"Sawa," nikasema. "Basi watakuja wao hapa."

"Nani?"

"Timu zote tatu. Wao wako na nyapara wao wa kuwaandikia barua."

Na walikuja. Mechi zetu zote zilizobaki zilichezwa nyuma ya mahali pa kuanikia kahawa, macho ya nyapara yakiwa hapo. Jumapili ya kwanza alisimama mbali, mikono nyuma. Ya pili alisogea. Ya tatu alimfokea beki wetu, "Mikono, mama! Mikono!" Nikamwambia anyamaze, kapteni ni mimi.