Kepteni Aliyechagua Mwenge

Fanueli wa Kwemtindi hakuwa mtu wa nuksi. Nalisema hili mapema, maana watu wa kule juu ya Lukozi wana midomo, na ukiwaachia wakusimulie wao utaondoka ukiamini alizaliwa na mguu mbaya. Uongo mtupu! Kabla ya ile fainali, mkono wake ndio uliokuwa ukitafutwa. Siku ya kupanda maharage shamba la kijiji, yeye ndiye aliyetia mbegu ya kwanza ardhini, ndipo wengine wakainama. Walisema ana mkono mwema, naye aliamini, kama wewe nawe ungeamini.

Kwenye mpira alicheza beki, pekupeku, tena ndiye kepteni. Golini alisimama Saidi, rafiki yake tangu wakichunga mbuzi. Mmoja wa msikitini, mwingine wa kanisani, lakini ukimwona huyu ujue yule yuko nyuma anakuja. Saidi alimwita Fanu. Hakuna mwingine aliyemwita hivyo, hata mkewe Dorkasi.

Basi mwaka mmoja, kijiji chao cha Ujamaa kikiwa bado kichanga, timu ikafika fainali ya Saba Saba, Lushoto mjini. Mshindi apewe fahali. Watu walijazana kwenye lori la ushirika, wengine wamepakatana, wakateremka wakiimba.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kukera. Kwemtindi walishambulia tangu filimbi ya kwanza. Mpira ukagonga mwamba, ukarudi. Ukagonga nguzo, ukarudi. Wakapata penalti, mpira ukakwama topeni hatua chache mbele ya kipa, akauokota kama anaokota kiazi. Wapinzani wao, wale wa Vuga, walivuka nusu ya uwanja mara chache tu, na katika hizo chache shuti likamgonga beki mmoja mgongoni likaingia. Fanueli mwenyewe alisawazisha kwa kichwa mwishoni. Wakaongezewa muda, ukungu ukashuka mpaka Saidi golini akawa haonekani, na bado ni sare.

Siku hizo hakukuwa na habari ya kupigiana penalti. Sare ya fainali iliamuliwa kwa kurusha shilingi, upande mmoja kichwa cha Mwalimu, upande wa pili mkono ulioshika mwenge. Na mwenyekiti wa kijiji alikwisha kuagiza: ikifika huko, kepteni aseme Mwalimu. Kijiji cha Ujamaa kitachagua nini kingine?

Fanueli alisimama katikati ya uwanja, tope limemfika magotini. Tangu asubuhi walikuwa wamefanya kila kitu kama inavyotakiwa, na kila kitu kimekataa. Akaona labda wangebadili hata kimoja.

"Mwenge," akasema.

Shilingi ikapanda, ikaanguka. Refa akaifuta tope kwa kidole wote waone. Mwalimu.

Kwenye lori hakuna aliyemsema. Heri wangemtukana. Katika lori lile lile ambamo wakati wa kuja watu walipakatana, sasa walimwachia nafasi kila upande, akasafiri kama gunia la chumvi linaloogopwa lisilowane. Hilo lilimchoma kuliko kushindwa.

Hata hivyo angepona, kama si masika yaliyofuata. Mvua ilizidi, maharage ya kijiji yakaoza yote. Ilizidi kila mahali, hata barabara ya kushuka Mombo ilikatika, lakini nani asikie? Mbegu ya kwanza alitia nani? Si yule aliyemkataa Mwalimu? Mkutano ukaketi, Fanueli akapangiwa kazi ya kufukuza tumbili, juu kabisa msitu unapoanzia. Mwenyekiti alimwambia kila kazi inajenga taifa. Sawa, lakini katika kazi zote za Kwemtindi, hiyo tu ndiyo ilikuwa ya mtu mmoja.

Miaka ikaenda. Kutoka kwenye kibanda chake cha kulindia aliwaona wenzake chini wameinama kwa mistari, akasikia wanaimba bila kuyapata maneno. Aliwatukana tumbili kwa Kishambaa, na kuna siku hao ndio pekee aliosema nao mpaka jioni. Alikuwa mpweke, basi, nisizunguke. Akishuka, watu walimjibu salamu vizuri wakaendelea na njia. Saidi naye alimsalimu, "Ndugu Fanueli, habari za huko?" Ndugu! Siku zile kila mtu alikuwa ndugu, hata karani aliyekuja kukudai kodi.

Fanueli alimwambia Dorkasi, "Siku hizi ananiita ndugu." Dorkasi akasema si jina baya, akaendelea kumenya viazi.

Alitaka kitu kimoja tu: timu ishinde fainali naye akiwapo. Washinde huku macho yao yanamwona amesimama pale, maneno yaishe, arudi kuinama na wenzake.

Wakafika fainali tena, Lushoto pale pale. Saidi sasa ndiye kocha. Fanueli hakupanda lori. Alitoka alfajiri kwa miguu, akajibanza nyuma ya kamba. Ikawa sare. Lakini sheria ilikwisha kubadilika, safari hii wapigiane penalti. Fanueli akashusha pumzi.

Ndipo Saidi akaukata uwanja kumfuata, watu wote wakitazama.

"Fanu," akasema, kwa sauti ya zamani. "Nisaidie. Ondoka."

Angeweza kukataa. Uwanja ni wa umma na yeye ni mtu mzima. Lakini alimwona mpigaji wa kwanza, kijana amekumbatia mpira kifuani, wala hamtazami kipa. Anamtazama yeye. Fanueli akageuka, akapenya kati ya watazamaji, akashika njia ya kupanda.

Njiani likamjia wazo: wakishindwa naye hayupo, itajulikana kwamba si yeye. Akajikuta anaomba washindwe. Yeye, mtu wa kanisa, anawaombea watoto wa kijiji chake washindwe! Aliona aibu, lakini hakuacha kuomba. Kelele zikapanda kutoka bondeni, asijue ni za nani, mpaka lori lilipomkuta kwenye kona. Lilikuwa linaimba. Akaruka pembeni kwenye majani, wakamwona, wakampungia mikono kwa furaha bila kinyongo chochote. Lori halikusimama.

Kesho yake fahali alichinjwa, mafungu yakapangwa kwenye majani ya mgomba. La Fanueli alilileta Saidi mwenyewe, kubwa kuliko la mwenyekiti, na maini juu. Alikaa, akacheka, akamwita Fanu mara kwa mara.

"Wanakushukuru kweli," akasema. "Bila wewe kuondoka tusingepata kitu. Mwakani baki tu nyumbani, fungu lako tutakuletea."

Alimaanisha wema, tena wema mtupu. Fanueli akamshukuru, akamsindikiza mpaka njia kuu, akarudi. Dorkasi alikuwa amekwisha kupika. Akampakulia, akakaa mbele yake akingoja aseme neno.

Fanueli akatafuna, akasema nyama imeiva.