Nilivyoyakimbia Makopo ya Habuba

Juzi nilifungua kopo la bizari jikoni kwangu, na kabla sijachota hata kijiko nikalifunga tena. Usinicheke. Kwa wengine bizari ni harufu ya pilau. Kwangu mimi ni harufu ya hela zinazogawanywa.

Nililelewa Kibuli, mtaa wa Kampala, na bibi yangu. Sisi Wanubi bibi tunamwita habuba, na Habuba wangu alikuwa na makopo matatu juu ya kabati: la bizari lilikuwa la chakula, la majani ya chai la kodi ya nyumba, la mdalasini la shule. Kila Ijumaa, Mjomba Ramadhani akisharudi msikitini, alimwaga mkekani mapato yake ya bodaboda, Habuba akaongeza ya sambusa alizouza, kisha makopo yakashushwa. Noti zetu zote zilinukia viungo. Mwenye duka jirani alikuwa ananusa noti yangu kabla ya kuipokea. "Hii ya chakula," anasema, "leo pipi hupati, mama."

Mimi kukaa pale nilikuwa siwezi. Kifuniko kikilia tu, nakumbuka ghafla kwamba kuna vyombo havijaoshwa. Kibuli nzima hapakuwa na sufuria zinazong'aa kama zetu siku za Ijumaa. Akilini mwangu makopo yale yalikuwa na kazi moja: kusema hapana. Na usipouliza, nani atakukataza?

Basi nikiwa darasa la sita, shule ikatangaza safari ya Entebbe kwenda kuona wanyama. Nilitaka kwenda mpaka nikawa nawaota simba. Lakini nyumbani sikusema neno. Siku ya mwisho ya kulipa ikakaribia, nami nikaanza kuwaambia wenzangu kwamba simba hata siwapendi, wananuka.

Ijumaa hiyo Habuba alikuja jikoni akanikuta nasugua.

"Wewe, hiyo sufuria utaitoboa. Nimekutana na mwalimu wako sokoni."

Nikajua nimekwisha. Alinikalisha mkekani, akaweka gurusa yenye sukari mkononi mwangu, ule mkate wetu mwembamba wa kukaanga, akangoja nimeze.

"Makopo bado yamefungwa," alisema. "Sema kwanza unataka nini."

"Na kama haitoshi, Habuba?"

"Tutajua imepungua kiasi gani. Sasa hivi hata hilo hujui."

Nikasema Entebbe, kwa sauti ndogo kabisa. Mjomba akaangua kicheko, akaniita bibie kwa Kiganda. "Nyabo, unaogopa hivi kabla ya kumwona simba mwenyewe?"

Makopo yakafunguliwa. Haikutosha. Nikainuka nirudi zangu jikoni, Habuba akanivuta gauni nikakaa tena. Wakaanza kuhamisha noti, hii huku, ile kule, mpaka ikaonekana kilichopungua si mlima. Ni nyama ya Ijumaa mbili tu.

"Tule maharage," alisema Mjomba. "Hata hivyo humu ndani mimi napewa mifupa. Huyu aende akawaone simba wakila nyama kwa niaba yetu."

Nilikwenda. Simba alilala mchana kutwa, ametugeuzia mgongo. Nilirudi nimefurahi kama niliyekwenda Maka.

Miaka mingi nilidhani Habuba alizaliwa bila woga wa hela. Mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye kwangu na mapazia niliyoyashona mwenyewe, nilikuwa naweza kumaliza mwezi bila kuthubutu kuangalia salio kwenye simu. Siku moja, Habuba ameshazeeka, nikamwuliza aliwezaje kufurahia hesabu zile kila wiki.

"Kufurahia?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Kila Alhamisi nilikuwa silali. Unadhani niliwaita nyote mkekani mnisaidie kuhesabu? Ramadhani hajui hata kujumlisha! Nilikuwa naogopa kuyafungua peke yangu."

Nilicheka, halafu nikaenda nje kidogo nipate kufuta macho. Habuba niliyedhani ananisukuma kwenye jambo gumu, kumbe alikuwa ananihitaji nikae karibu.

Siku hizi, mwisho wa mwezi, namwita mume wangu kochini. Simpi kazi yoyote. Nashika mkono wake, namshukuru Habuba kimoyomoyo, halafu naangalia salio.