Kuku Aliyekataa Kuchinjwa

Jikoni kwetu Mpui kulinuka moshi wa kuni mbichi na ulezi uliolowekwa, hasa miezi ya baridi, upepo ulipopenya kwenye nyufa za ukuta na kila mtu kutaka kukaa karibu na moto. Msimu ninaousimulia nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu Paskalia alikuwa ameungua mguu kwa uji, hivyo hakwenda shule, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kumtuliza wakati mama akimpaka dawa. Nilimtuliza kwa hadithi niliyoitunga mwenyewe, kwa Kifipa, ya kuku aliyesikia kwamba nyumbani wanakuja wageni, akajua maana yake, akatoroka. Kuku yule aliteremka milima hadi Muze, akibishana na makonda wa mabasi na kudanganya watu kuwa yeye ni kanga. Paskalia alicheka mpaka akasahau jinsi dawa inavyowasha. Kila jioni alitaka niianze upya, na nikiruka kipande alinirudisha nyuma.

Basi mwalimu wetu wa Kiswahili akatangaza kwamba siku ya kufunga shule mwanafunzi mmoja atasoma hadithi mbele ya wazazi. Niliandika ile ya kuku. Ilirudi imejaa wino mwekundu, na sehemu kubwa ya wino huo niliistahili, maana sentensi zangu zilikuwa Kifipa kilichovalishwa Kiswahili. Hayo niliyasahihisha kwa moyo mweupe. Lakini mwalimu aliniita mezani kwake.

“Kuku huyu hana adabu,” alisema. “Watoto watajifunza nini hapa?”

“Watacheka, mwalimu.”

“Kucheka si somo. Nenda karekebishe.”

Nikarekebisha. Kwanza nikawaondoa makonda, kwa sababu walitukana. Nikarudi, nikaambiwa niondoe kanga, kwa sababu kudanganya ni dhambi. Nikarudi tena, nikaambiwa kuku hawezi kutoroka halafu mambo yakaishia hapo. Lazima ajute, arudi nyumbani, aombe radhi na kukubali kisu, kwa kuwa kuwakirimu wageni ni jambo jema. Nilimlalamikia mama huku machozi yakinilenga. “Andika anavyotaka,” alisema bila kuinua macho kwenye ungo. “Yeye ndiye mwalimu.”

Siku yenyewe baba alivaa koti lake la kanisani, na mama akambeba Paskalia mgongoni ili naye aje asikie. Nilisoma vizuri, bila kukwama hata mara moja. Wanafunzi wa mbele walichora vumbini kwa vidole. Wazazi walipiga makofi, mwalimu akanipa mche wa sabuni na kalamu mpya, na baba akanishika bega mbele ya watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Njiani kurudi, Paskalia aliuliza kutoka mgongoni kwa mama, “Mbona amekufa?”

“Mwalimu ndiye aliyetaka.”

“Lakini ni kuku wetu.”

Jioni hiyo dawa ilipotolewa nilianza hadithi ya zamani, ya Muze na makonda. Alinikatiza. “Siyo. Huyo alishakufa.” Akalia, akapiga mateke, mpaka mama na baba wakalazimika kumshika kwa nguvu. Nilitoka nje kwenye baridi, nimekasirika hata sijui nimkasirikie nani.

Leo naishi Malangali na kazi yangu ni kuandika vitabu vya watoto. Vijana wanaotaka kuandika huniomba ushauri, nami huwaambia: msomee kwa sauti mtoto asiye na sababu ya kukuonea haya, na anapoanza kuchezea kitu kingine, kata hapo. Safisha lugha mpaka iteleze, ila usikiguse kinachomchekesha. Kusema ni rahisi. Mwaka huu nimeandika kisa cha msichana anayemficha nguruwe wa jirani chini ya kitanda asiuzwe mnadani, na mhariri amenirudishia kwa mara nyingine. “Dada, ni tamu sana,” aliniambia kwenye simu, “lakini mwishoni funzo liko wapi? Aombe radhi tu, aya moja. Bila hivyo shule hazitanunua.” Nilibishana naye mpaka maharage yakaungua jikoni.

Nikiwa mtoto sikuweza kumkatalia mwalimu, na hadithi yangu iliyoharibiwa ilisomwa mbele ya kijiji kizima, ikapigiwa makofi. Sasa ni mtu mzima, nimekataa, na hadithi iko nzima juu ya meza yangu. Watoto wa jirani wameisikia mpaka wanaijua kwa kichwa. Jana mmoja wao aliniuliza itauzwa lini ili amwombe mama yake amnunulie.