Mgongo wa Maman

Harufu ya lami inayochemshwa ufukweni hunikumbusha mashua kuukuu ambayo Papa alitaka kuinunua, ili tuwe tunavuka nayo kwenda kisiwa cha Nkombo. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya bluu. Papa aligonga mbao, akasifu mlingoti, akalikunjua tanga lote alitazame vizuri.

"Hii haiingizi mayi, Papa," alisema mwenye mashua, mzee mpole.

Maman hakujua kuogelea. Alivua viatu, akaingia ndani ya mashua, akalala chali sakafuni na gauni lake la kitenge.

"Munisukume," akasema.

Waliisukuma hadi ikaelea. Mimi nilisimama majini, nimeshika ukingo. Maman alikuwa amefumba macho, mikono kifuani, kama muntu aliyekufa. Nikamwita, hakuitika.

Alipoinuka, alitugeuzia mgongo. Gauni lilikuwa limelowa kutoka mabegani hadi kiunoni.

"Batoto bangu habatapanda humu," akasema.

Mzee alitazama chini. Papa alilikunja tanga taratibu, akilinyoosha kila pindo kama vile ni la kwetu, kisha akamrudishia mwenyewe.